Jua la Saa Sita Usiku

Hotuba kwa familia za Waswahili wa Stockholm, majira ya vuli 2025

Wazee wetu, mama zetu, ndugu, mashemeji, na nyinyi watoto mliokaa kule nyuma karibu na sambusa: asalaam alaykum, Bwana asifiwe, na hamjambo nyote.

Naomba nianze kwa kuwahesabu. Nani hapa amewahi kufika Kiruna, ule mji wa kaskazini kabisa? Naona mikono minne. Na nani amewahi kufika uwanja wa ndege wa Arlanda? Basi, shusheni, nimeona.

Hata sisi tulikuwa hivyohivyo. Nimekaa Uswidi miaka 17, na kwa miaka 14 naendesha basi la abiria mjini hapa. Miaka yote hiyo nilijua njia mbili, ya kazini na ya Arlanda. Kila krona iliyobaki ilikuwa tiketi ya Dar es Salaam. Simlaumu yeyote anayefanya hivyo. Wazazi wako kule, makaburi ya babu zetu yako kule. Ila mwaka huu mama mzazi alikuja kutoka Tanga kwa viza ya siku 90, na siku ya tatu akaniuliza, "Mwanangu, huku unakoishi, kukoje?" Nikamtembeza. Nikamwonyesha gereji ya mabasi, msikiti, duka la nyama. Akasikiliza yote, kisha akasema, "Huku ni mtaani kwako. Mimi nimeuliza nchi."

Sikuwa na jibu. Jioni ile nikakaa na mke wangu tukafungua ramani.

Waswidi wana gari wanaloliita husbil, nyumba na gari kwa neno moja, nasi tukaliita gari-nyumba. Tulilikodi kwa siku 17, tukawa watu watano: mama, mke wangu, mimi na watoto wawili. Ndani mna vitanda, jiko la gesi, friji, sinki, tangi la maji safi, tangi la maji machafu, na choo ambacho kasha lake huchomolewa kwa nje kama droo. Kwa walio na leseni ya kawaida ya B, shikeni hili: gari, watu, maji na mizigo yote visizidi kilo 3,500. Mama alikuwa amepanga mchele wa kulisha harusi. Tulibembelezana mpaka tukafika kilo nane.

Na kuhusu hilo kasha la choo, nasema kama dereva na kama mtoto wa watu. Halimwagwi porini wala mtoni. Kuna vituo maalumu vya kumwaga, kwenye kambi na kwenye baadhi ya vituo vya mafuta na vya mapumziko, na vimewekewa alama. Ukiona kituo, mwaga hata kama halijajaa. Mambo mengine ya safari mtajifunza njiani, ila hili lijueni kabla ya kuwasha gari.

Tuliondoka tarehe 11 Julai kwa barabara ya E4, inayofuata pwani kuelekea kaskazini. Basi langu la kazini ni zito, limetulia barabarani. Gari-nyumba ni jepesi na limekwenda juu, na kwenye daraja la Höga Kusten upepo ulilisukuma kwa ubavu hadi nikapunguza mwendo nikashika usukani kwa mikono miwili. Hadi Luleå ni kama kilomita 900. Sina mengi ya kusema juu yake: misonobari na mito, misonobari na mito. Baada ya Luleå tukaingia E10, tukavuka Duara la Aktiki, ule mstari wa ramani unaoizunguka ncha ya kaskazini, kabla ya Gällivare, tukafika Kiruna.

Hapa Kiruna naomba tukae kidogo.

Mji huu umekalia chuma. Chini yake kuna mgodi wa kampuni ya serikali, LKAB, na kadiri mwamba wa chuma unavyoshuka kwenda chini, ndivyo ardhi ya juu inavyopasuka na kuzama. Kwa hiyo mji unahamishwa. Katikati ya mji pameshahamia kilomita chache upande wa mashariki. Tulipopita, kanisa la Kiruna lilikuwa limeshafungwa na kuwekewa vyuma chini yake, na barabara ilikuwa imepanuliwa tayari kulipitisha. Ni kanisa la mbao, jekundu, la mwaka 1912, na umbo lake linafanana na hema la Wasami, wenyeji wa asili wa huko kaskazini. Mama alisimama mbele ya uzio akaniuliza linakwenda wapi. Nikamwambia linahamishwa zima zima, kilomita tano. Akanyamaza muda mrefu. Ni Mwislamu, lakini alisema, "Nyumba ya Mungu haivunjwi, heri hivyo." Tarehe 19 na 20 Agosti tulikaa sebuleni tukalitazama kwenye televisheni likisogea, tani 672, mwendo wa nusu kilomita kwa saa. Watoto walipiga kelele, "Bibi, kanisa letu!" Miezi miwili kabla yake hawakujua hata Kiruna iko wapi.

Sasa nije kwenye jua.

Saa yetu ya Kiswahili mnaijua. Haikutungwa na fundi saa, ilitungwa na jua lenyewe. Likichomoza ni kumi na mbili, tunaanza kuhesabu moja. Likitua ni kumi na mbili tena, tunaanza upya. Tanga iko digrii tano tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo hesabu hiyo inakwenda vizuri mwaka mzima, tofauti yake haifiki saa nzima. Mama amehesabu hivyo kwa miaka zaidi ya 70. Basi tukalala Abisko tarehe 14 Julai, pembeni ya ziwa Torneträsk. Akaamka, akafungua pazia, akaniamsha. "Nimepitiwa na Alfajiri?" Nikatazama simu. "Mama, ni saa sita." "Saa sita ya wapi?" "Saa sita ya usiku, mama." Jua liko nje, limemulika ziwa lote.

Huko kwa wakati ule wa mwaka jua halizami. Dunia imeinama, na majira ya kiangazi upande wa kaskazini umeinamia jua, kwa hiyo ukiwa juu ya Duara la Aktiki unaliona likizunguka kama mtu anayetembea kandokando ya ua wa nyumba: mchana liko kusini, juu, usiku liko kaskazini, limeshuka, lakini liko. Majirani zetu wa huku wanaliita jua la usiku wa manane. Mimi nilipenda zaidi Kiswahili kilivyolisema chenyewe bila mtu kukusudia. Kwetu saa sita ni moja kwa jina, iwe ya mchana au ya usiku. Huko kaskazini jina hilo limepata maana yake kamili.

Ila kwa mtu anayeswali jambo hili ni zito. Magharibi bila jua kutua ni saa ngapi? Mama akampigia simu sheikh wake Tanga. Sheikh akamkumbusha hadithi ya Mtume kuhusu Dajjali, pale zilipotajwa siku zake na mojawapo ikawa ndefu kama mwaka, na masahaba wakauliza kama swala za siku moja zingetosha. Wakajibiwa hapana, bali wakadirie. Waislamu wanaoishi huko juu hukadiria kwa njia tofauti: wapo wanaofuata saa za Makka, wapo wanaofuata mji wa karibu ambako usiku na mchana vinatengana. Mama akachagua Makka. Tukamwekea programu ya adhana kwenye simu. Na kwa kuwa saa ya Makka ndiyo hiyohiyo saa ya Tanga, akawa anaswali karibu sawa na mashoga zake wa nyumbani, huku jua la saa sita usiku likimpiga usoni. Alilipenda jambo hilo kuliko chochote tulichomwonyesha.

Kutoka Abisko barabara inavuka mpaka kuingia Norwei, inateremka kuelekea Narvik, kule treni za chuma cha Kiruna zinakopeleka mzigo baharini. Ukiifuata E10 mpaka mwisho unafika visiwa vya Lofoten, kwenye kijiji kinachoitwa Å. Herufi moja tu. Milima inasimama wima kutoka majini, na kati yake bahari imeingia kwenye hori nyembamba, kama hori zetu za pwani, ila hizi hazina mikoko na kina chake kinatisha.

Kwa mtu wa pwani, Lofoten ni nyumbani. Kila kijiji kina vichanja vya kuanika samaki, virefu, vya miti, kama paa la nyumba lisilo na makuti. Julai vilikuwa vitupu. Samaki anayeanikwa ni yule wanayemwita skrei, ambaye kila mwaka majira ya baridi huja kutaga kutoka Bahari ya Barents. Humtundika Februari, humteremsha kuelekea Juni. Hawamtii chumvi. Baridi na upepo vinamkausha hadi anakuwa mgumu kama ubao. Anauzwa sana Italia na Nigeria, na kule Nigeria vichwa navyo vinaliwa. Mama, ambaye amekula ng'onda maisha yake yote, alishika kimoja dukani, akakinusa, akakigonga mezani. "Bila chumvi kabisa?" Bila chumvi kabisa. Akauliza tena kesho yake.

Uvuvi wa ndoano baharini huko ni ruhusa kwa mtu yeyote bila leseni. Binti yetu alitoa samaki watatu kwa ndoano, mama akawapaka tui la kopo, ndimu na pilipili, tukawachoma jiweni ufukweni. Walipita wazee wawili wa Kinorwei, wakakaribishwa, wakala kwa mkono kama sisi.

Hapa ndipo nataka kusema kilichonileta mbele yenu.

Nchi hizi zina haki inayoitwa allemansrätten, haki ya kila mtu. Uswidi imeiweka kwenye katiba tangu mwaka 1994. Norwei ina sheria yake tangu 1957. Unaweza kutembea katika msitu wa mtu, kuweka hema kwa usiku mmoja au mbili mbali na nyumba yake, kuchuma matunda ya porini, kuoga ziwani, na huombi ruhusa wala hulipi. Haki hiyo haisemi raia. Inasema kila mtu. Sharti lake ni maneno mawili, usisumbue na usiharibu. Gari halimo: huwezi kuliingiza porini, linabaki barabarani na kwenye maegesho, na kila mahali lazima usome kibao. Lakini miguu yako imo. Miaka 17 nimebeba kadi ya makazi mfukoni, nikijiona mgeni anayesubiri kuruhusiwa, na kumbe kulikuwa na ruhusa iliyokwisha andikwa kabla sijafika, ninayostahili sawa na mtu ambaye babu wa babu yake alizaliwa hapa. Nilikaa kwenye jiwe lile Lofoten na samaki mkononi, nikaona uchungu kwa miaka niliyoipoteza.

Tuliendelea: Tromsø, kisha Alta, kwenye michoro iliyochongwa kwenye miamba maelfu ya miaka iliyopita, watu, mitumbwi na reni. Reni ni wale wanyama wa jamii ya kulungu wenye pembe kama matawi, na kutoka hapo tuliwaona kila siku. Sasa sikilizeni, madereva. Kaskazini mwa Uswidi mkiona mfuko mweusi wa plastiki umefungwa kwenye kijiti kando ya barabara, si taka. Wafugaji wameutundika kukuambia kundi liko karibu. Punguza mwendo. Na ukimgonga reni lazima uwaarifu polisi, kwa sababu hakuna reni wa porini huko, kila mmoja ana mwenyewe. Masikio yake yamekatwa alama, na kila mwenye mali ana alama yake. Nilipomweleza mama, akasema, "Kama ng'ombe wa Wamasai." Ndivyo hasa. Na kama kwa Wamasai, ardhi inayoonekana tupu si tupu, ni malisho ya mtu.

Julai hii kulikuwa na joto ambalo halijazoeleka. Ufini ilipata siku 22 mfululizo za zaidi ya digrii 30. Mama alikuja na makoti matatu, na tulipofika bara, Karasjok, alikuwa amevaa dira akijipepea kwa sahani. Reni hawana dira ya kuvaa. Walijaa kwenye mahandaki ya barabara, wamelala kwenye lami kutafuta ubaridi, wanahema midomo wazi. Tulisimamisha gari na taa za tahadhari, tukangoja karibu nusu saa. Sikupiga honi. Mfugaji wa mnyama huyo anaishi kwa theluji: theluji ikinyesha vibaya, ikayeyuka na kuganda tena, mnyama hawezi kuchimba kuvumwani, ule uoto mfupi wa ardhini anaokula chini yake. Sisi tunaotoka nchi ambako mvua ikikosa ng'ombe hufa, tuna lugha ya kuzungumza na watu hawa.

Karasjok ndipo lilipo Bunge la Wasami wa Norwei, lililofunguliwa 1989. Halikuja kwa hisani. Miaka ya 1970 serikali ilitaka kujenga bwawa la umeme kwenye mto wa Alta, Wasami na wenzao wakajifunga minyororo mbele ya mitambo, na wengine wakafunga kula mbele ya bunge Oslo. Bwawa likajengwa, lakini nchi haikuweza tena kujifanya haiwaoni. Vibao vya barabarani sasa vina majina mawili, la Kinorwei na la Kisami. Zamani watoto wao walipelekwa shule za bweni na kukatazwa lugha ya mama zao. Mke wangu alisoma Kenya. Shuleni alivalishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kitaita, akikivua tu pale alipomkamata mwenzake akisema cha kwao. Alisimama mbele ya kile kibao cha barabarani chenye majina mawili akakipiga picha, kisha akampigia simu mama yake akazungumza naye Kitaita kwa saa nzima, na watoto wetu, ambao hawakijui, walikaa kimya wakimsikiliza.

Lakini nimeruka Rasi ya Kaskazini, Nordkapp, na najua ndiyo mnayoingojea. Ipo kwenye kisiwa. Unakifikia kwa handaki linalopita chini ya bahari, karibu kilomita saba, na linashuka hadi mita 212 chini ya usawa wa maji. Weka gia ndogo mapema, usiachie breki zifanye kazi peke yake, maana mteremko ni mkali na mpando wake ni vilevile. Mama alisoma Ayatul Kursiy kuanzia mlangoni hadi mlangoni. Mji wa kisiwa hicho ni Honningsvåg. Mwaka 1944 jeshi la Wajerumani lilipokuwa linarudi nyuma liliunguza karibu mkoa wote wa Finnmark, nyumba kwa nyumba, na Honningsvåg likabaki jengo moja tu limesimama, kanisa. Watu waliporudi walianzia humo. Lipo bado, jeupe, dogo.

Rasi yenyewe ni jabali la mita 307 juu ya bahari, na mbele yake ni maji tu. Watu walikuwa wengi, wa kila taifa. Mfalme Chulalongkorn wa Siam, ambayo leo ni Thailand, alifika pale mwaka 1907, na jina lake likachongwa kwenye jiwe. Nilifurahi kulijua hilo. Watu wa nchi za joto wanapaendea tangu zamani. Jua lilikuwa chini kabisa kama saa sita na dakika ishirini usiku, jekundu, juu ya bahari ambayo haikuwa na hata wimbi la kutaja. Halikugusa maji. Lilisita, kisha likaanza kupanda. Mama hakusema kitu. Alinishika mkono, jambo ambalo hajalifanya tangu nikiwa mdogo.

Tulirudi kwa njia ya Ufini, kupitia Inari. Mbu wa huko hawana malaria, lakini kwa wingi na ukali hawana kifani, na usubi wanapenya hata kwenye nyavu. Nunueni dawa yao hukohuko, ndiyo inayowaweza. Kando ya barabara tulichuma hjortron, tunda dogo la kwenye majimaji, rangi ya embe bivu, linalopendwa kuliko matunda yote ya huko.

Tarehe 24 tukaegesha kando ya mto, mjini Rovaniemi. Tulikuwa tumeshateremka, na hapo jua lilikuwa limeanza tena kutua. Mama akatoa kiti chake nje, akakaa kuelekea kaskazini-magharibi, akangoja. Saa tano na robo usiku ukingo wa mwisho ukazama nyuma ya misonobari. Akainuka, akachukua simu yake, akanipa. "Izime hiyo ya Makka," akasema, na akaenda mtoni kutawadha kwa Magharibi.